Nani Alikuomba Soksi?

Njombe mwezi wa saba si mahali pa kubishana umesimama. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na giza likishaingia hata mwenye hoja nzito huisogeza kwanza karibu na jiko. Jioni ile nyumbani kwa dada yangu, jiko la mkaa lilikuwa limezungukwa na watu sita, kila mmoja na kikombe chake cha chai ya tangawizi, na juu ya stuli palikuwa na jozi ya soksi.

Zilikuwa nyeusi kwa rangi ya udongo mwekundu, zimefumwa kwa mkono, zimejaa maua kuanzia ukingo wa juu hadi vidoleni. Naziita maua kwa mazoea tu. Ni zile pembe na ngazi za kwenye vikapu vya milulu, ambazo dada huzichora kwanza kwenye daftari la hesabu lenye miraba. Alikuwa amezimaliza mchana ule na alitaka kuzipeleka Makambako kwa rafiki yake waliyesoma pamoja. Shemeji, mdogo wa mume wake, ambaye ana meza ya mitumba sokoni, alizichukua akazigeuza nje ndani kama anavyogeuza kila nguo inayopita mikononi mwake. Akauliza bei. Dada akajibu haziuzwi. Akauliza kama huyo rafiki ndiye aliyeagiza. Dada akasema hapana, anamfumia tu.

“Sasa nani alikuomba soksi?”

Swali hilo lilituweka pale mpaka mkaa ukaongezwa mara mbili. Nayaandika yaliyosemwa kadiri ninavyoyakumbuka, nikiruka mahali ambapo wote walisema kwa pamoja. Sikuwa mwamuzi. Nina upande wangu, na sitauficha.

SHEMEJI: Mimi sibezi kazi ya mikono. Nimelelewa na mama aliyefuma. Nasema hesabu tu. Shemeji, hizi zimekuchukua muda gani?

DADA: Wiki tatu. Jioni jioni, watoto wakishalala, na Jumapili mbili baada ya ibada.

SHEMEJI: Wiki tatu! Mimi sokoni natoa jozi tatu kwa elfu mbili, na mteja bado anadai nimwongezee ya nne.

BINTI: Baba mdogo, kama ni hesabu tuifanye vizuri. Mama anaanza na vitanzi 64. Huo ni mzunguko mmoja. Toka ukingoni mpaka kidoleni ni kama mizunguko 160. Mguu mmoja unakula vitanzi zaidi ya 10,000, na watu wana miguu miwili. Kwa rangi mbili, mtu mwepesi anafuma vitanzi 20 kwa dakika. Inafika saa 17, na hapo sijahesabu vitanzi alivyofumua alipokosea.

SHEMEJI: Unaona? Saa 17 ni siku mbili za kibarua shambani kwenye parachichi. Angempelekea rafiki yake hela ya siku mbili, angenunua soksi za mwaka mzima na chumvi juu.

BINTI: Usinichukue upande wako. Nimehesabu ili hizo saa zionekane. Fundi seremala akitengeneza stuli hii, hakuna anayesema alikuwa anapitisha muda. Mwanamke akifuma, anapitisha muda. Halafu alichokifanya tunakiita zawadi, kwa hiyo hakina bei, na kwa vile hakina bei hata yeye mwenyewe anaanza kuamini hakufanya kazi. Tazameni vitambaa vya makochi. Ni nyumba ngapi hapa mtaani zina vitambaa vilivyofumwa na mama mwenye nyumba? Nani aliwahi kuvihesabu na mali za nyumba?

BIBI: Hicho unachoegemea nilikifuma mimi, mwaka baba yako anaingia darasa la kwanza. Inua kichwa. Mafuta yako ya nywele yanakiharibu.

Binti wa dada anasoma uchumi chuoni, na tangu aingie mwaka wa pili hakuna chakula kinacholiwa nyumbani mwao bila kupigiwa hesabu. Lakini mbele ya bibi yake, mama wa shemeji, aliinua kichwa. Akatoa hata mtandio akaulaza juu ya kile kitambaa kabla hajaegemea tena.

SHEMEJI: Na kingine ni kuiga. Kufuma tuliletewa na wamisheni. Bibi zetu walisuka vikapu, walisuka mikeka. Soksi hawakufuma kwa sababu hawakuzihitaji.

Hapo Mwalimu, jirani yao, aliyefundisha historia mpaka akastaafu nayo, aliweka kikombe chini. Nilijua kitakachofuata.

MWALIMU: Nusu umesema kweli. Huku kwetu sindano za kufumia zilikuja na misheni na shule za wasichana. Lakini ukitaka kuwapa Ulaya soksi zote, hapo nakukatalia. Soksi za zamani zinazojulikana sana zimetoka Misri. Kuna jozi moja nyekundu iliyochimbuliwa Oxyrhynchus, ina kati ya miaka 1,600 na 1,750 hivi, sasa iko London katika makumbusho ya Victoria and Albert. Kuna nyingine ya mtoto, mguu wa kushoto tu, ya michirizi, imetoka Antinoopolis, iko British Museum. Mwaka 2018 wataalamu wa pale waliichunguza kwa picha za mwanga maalumu wakakuta rangi zote zile zimetokana na mimea mitatu tu, mmoja mwekundu, mmoja bluu, mmoja njano, zikachanganywa.

SHEMEJI: Mwalimu, hizo zilifumwa kama hizi?

MWALIMU: Hapana. Walitumia sindano moja yenye tundu, wakivuta uzi wote kupita kila kitanzi. Ni kazi ya taabu zaidi. Lakini soksi za kufuma hasa, kwa sindano za namna hii, za kale kabisa tunazozijua nazo ni za Misri. Za pamba, bluu ya nili na nyeupe, zina mapambo yanayofanana na maandishi ya Kiarabu. Hizo ni za karne ya 11 au ya 12. Ulaya walizichukua baadaye. Kwa hiyo soksi yenye maua imepita Afrika kwanza. Iliondoka ikarudi imevaa koti la misheni.

BIBI: Hizo nyekundu zilikuwaje?

MWALIMU: Zimegawanyika mbele, Bibi. Kidole gumba peke yake, vingine vinne pamoja. Ni ili mtu avae na kandambili.

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Kwa asiyeijua Njombe nieleze kidogo: asubuhi za Juni na Julai nusu ya mji hutoka nje kwenda kuchota maji au kufungua genge ikiwa imevaa soksi na ndala, ule ugwe wa ndala umeikunja soksi kwa nguvu katikati ya vidole, na vijana wa Dar wanaokuja kututembelea hupiga picha za kuchekea. Mmisri wa Oxyrhynchus asingecheka. Angeshangaa tu kwamba hadi leo hatujaigawanya soksi.

SHEMEJI: Sawa, nimeiacha hiyo ya kuiga. Lakini mashine ipo.

MWALIMU: Mashine ipo tangu 1589. William Lee, Mwingereza wa Calverton karibu na Nottingham, aliunda mtambo wa kufuma soksi. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alikataa kumpa hataza, akihofia maskini waliokula kwa sindano. Lee akahamia Ufaransa. Ubishi wako huu una zaidi ya miaka 400, na bado kuna mtu kafuma.

Nilitaka tuipite haraka sehemu hiyo, maana habari ya mashine huwa inaua mjadala. Mtu akishasema “mashine” anajiona ameshinda. Ila Mwalimu alikuwa bado na jambo, na nashukuru hatukumkatiza.

MWALIMU: Hebu nionyeshe hapo mbele, kwenye vidole. Mshono uko wapi?

DADA: Haupo. Nimeuunganisha kwa sindano ya mkono, kitanzi cha juu na cha chini, uzi unapita kama vile unafuma safu moja zaidi. Ukiacha mshono pale unachubua vidole.

MWALIMU: Wanaofuma kwa Kiingereza mshono huo wanauita Kitchener. Ni Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza tangu 1914 mpaka meli aliyopanda ikazama Juni 1916. Wanawake wa kule walifuma soksi kwa malaki, ziende kwa askari waliokuwa wanaoza miguu kwenye mahandaki ya tope. Nyumba kwa nyumba, shule kwa shule. Hawakuwajua hao askari. Wengine walitia kikaratasi ndani ya soksi.

BINTI: Hiyo ndiyo kazi ya bure ninayoisema. Serikali inapeleka vita, mama anapeleka soksi.

MWALIMU: Sikatai. Lakini mwaka huohuo wa 1916 jeshi la Uingereza lililoongozwa na Northey lilikuwa linapita kwenye nyanda hizi hizi zetu, na Iringa ilitwaliwa Agosti. Nani alibeba mizigo? Wapagazi. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kwa kikosi chao, Carrier Corps. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na kwa njaa. Na wengi walitembea peku, funza wakiwala vidole. Vita ni vilevile. Ninapoona mshono huo huwa nauliza: kwa miguu ya hawa, nani alifuma?

Hakuna aliyejibu. Dada alizichukua soksi kutoka mkononi mwa Mwalimu, akazinyoosha mapajani mwake. Sidhani Mwalimu alikusudia kutunyamazisha, lakini swali lake lilibadilisha la shemeji. Shemeji aliuliza nani aliomba. Mwalimu alikuwa anauliza nani anakumbukwa kuwa ana miguu.

Dada ndiye aliyeturudisha kwenye jambo lenyewe. Ana namna ya kuongea akiangalia mikono yake, na siku ile mikono ilikuwa imeshaanza soksi nyingine: sindano tano nyembamba, nne zimeshika mraba wa vitanzi, ya tano inazunguka. Za kwanza alizowahi kuwa nazo zilikuwa spoku za baiskeli ya marehemu baba, alizozikata na kuzinoa kwenye jiwe la kunolea kisu. Spoku ina unene wa milimita 2 hivi, ambao ndio unene wa sindano za soksi. Baba alisukuma baiskeli mwezi mzima gurudumu likilia kabla hajagundua.

DADA: Shemeji, mimi jibu lako nalijua kuliko wewe. Soksi ya maua ya kwanza niliyompa mtu ilikuwa ya jirani yetu wa zamani. Sikumwambia. Nilitaka ashtuke kwa furaha. Nikakadiria kwa macho. Akaipokea, akanikumbatia, akasema imemkaa sawasawa. Baada ya miezi nikaenda kwake msibani, nikaiona. Imo kwenye kabati la vioo, kati ya sahani za wageni na birika la kuchora. Haijawahi kuvaliwa hata siku moja.

SHEMEJI: Si kwa sababu aliiona nzuri mno?

DADA: Ndivyo alivyosema. Nikamwomba aijaribu mbele yangu. Ikagoma kisiginoni. Haikupita.

Akaeleza kwa nini, na naomba msomaji avumilie, kwa sababu kwangu mimi mjadala mzima umelala hapa. Soksi ya rangi moja inavutika. Ukikosea kipimo kidogo inakusamehe. Inapanuka kupita kisiginoni kisha inarudi kubana kifundoni. Soksi ya maua haina msamaha huo. Kila mzunguko unabeba nyuzi mbili. Mmoja ukiwa mbele unafanya ua, mwingine unapita nyuma ukisubiri zamu. Ukiigeuza utaziona zile nyuzi za nyuma zimelala kama kamba za hema, na kamba ya hema haivutiki. Ukiziacha ziruke zaidi ya vitanzi vitano, kidole kinanasa kila unapovaa. Ukizikaza, soksi inakuwa bomba.

DADA: Kwa hiyo kuna kipimo kimoja usichoweza kukikadiria kwa macho. Unapitisha futi chini ya kisigino, unaileta mbele juu ya mkunjo wa kifundo. Unyayo wa mtu ukiwa na mzunguko wa sentimita 22, hapo unaweza kukuta 30 au 31. Maua yote lazima yapite hapo. Ukikosa kipimo hicho umefuma pambo la kabati.

BINTI: Sasa si unawaomba tu wakupe namba?

DADA: Mwanangu, jaribu kumwomba mtu mzima akupe mguu wake. Ana magaga. Ana ukucha ulioumia. Kiatu chake kina harufu na anajua. Rafiki yangu huyu wa Makambako tunajuana miaka 30, tumelala kitanda kimoja bwenini, na nilipomwambia nataka kumpima mguu alikataa mara mbili. Mara ya tatu akaingia ndani, akanawa, akajipaka mafuta, ndipo akatoka. Nilipiga magoti pale kibarazani kwake na futi ya kushonea. Ana uvimbe pembeni ya kidole gumba, nilikuwa sijui. Anatembea nao miaka yote hiyo, nami najua siri zake zote isipokuwa hiyo. Humu mguu wa kulia nimeongeza vitanzi vinne upande wa gumba. Sijawahi kuona duka linalouza mguu wa kulia tofauti na wa kushoto.

Shemeji alizichukua tena, akazilinganisha. Kweli, zilitofautiana. Ua la upande ule lilikuwa na ngazi moja zaidi, nayo imeingizwa kwa ustadi hata ungedhani ndivyo lilivyochorwa.

Niseme langu hapa. Watu wengi wanaosifu zawadi za mikono husifu saa. “Amekaa usiku kucha.” Saa hazinishangazi, mtu anaweza kukesha kwa ajili ya sifa zake mwenyewe, na zile soksi za kabatini zilikuwa za namna hiyo, dada mwenyewe alikiri. Alitaka kuonekana akitoa. Kilichokuja baadaye ni kazi nyingine kabisa ingawa sindano ni zilezile, na tofauti yake ni ile futi iliyopita chini ya kisigino. Kwa upande huo nilikuwa na dada. Ila shemeji hakuwa amemaliza, na hoja yake ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzito.

SHEMEJI: Nimekuelewa. Na sasa ndiyo naogopa zaidi. Sisi hapa harusi ikija tunachanga, na jina linaandikwa kwenye daftari: fulani elfu 50, fulani laki. Siku mtoto wa fulani anaoa, daftari linafunguliwa. Sahani ya pilau ikitoka kwa jirani hairudi tupu, hata kama ni kuweka ndizi mbili. Si uchoyo huo. Ndivyo watu wanavyokaa sawa. Sasa wewe unamletea mtu kitu cha saa 17, chenye uvimbe wake ndani. Ataandika nini kwenye daftari? Atakurudishia nini? Hawezi. Ukimpa mtu kitu asichoweza kukirudisha, umemfunga. Afadhali mimi na soksi zangu za elfu mbili. Mtu ananilipa, tunaachana huru.

Kimya kilikuwa kirefu kuliko kile cha Mwalimu.

MWALIMU: Huko kwenye baridi wanalijua hilo. Latvia zamani bibi harusi alikuwa na sanduku la glavu alizofuma tangu utotoni, za maua, kila jozi kwa ndugu wa mume, kwa wageni. Mpaka leo glavu ni alama yao. Novemba 2006 wakuu wa NATO walipokutana Riga, kila mjumbe alipewa jozi iliyofumwa kwa mkono. Jozi 4,500.

SHEMEJI: Unaona? Hata wao wanafunga watu. Tena na mizinga yao.

BIBI: Kwani wewe unataka kuishi bila kufungwa na mtu? Utakaa na nani?

SHEMEJI: Mama, sisemi hivyo. Nasema mtu aulizwe.

BIBI: Mguu wangu uliulizwa. Tazama.

Akatoa mguu kutoka chini ya kitenge. Soksi yake ilikuwa ya kijivu na nyeupe, imechuja, na kisigino chake kilikuwa cha kahawia, rangi isiyohusiana kabisa na nyingine. Akatueleza kwamba kisigino kile ni cha tatu. Kila kikitoboka humpelekea mkwe wake, naye anakata, anaokota vitanzi, anafuma kisigino kipya kwa uzi wowote ulioko nyumbani.

BIBI: Unauliza ninarudisha nini. Narudisha tundu. Yule wa kabatini hajarudisha kitu kwa sababu hajavaa. Mimi nampelekea kazi mpya kila baada ya mwaka, na yeye anasonya, nasikia, halafu anafuma. Andika hiyo kwenye daftari lako.

BINTI: Kwa hiyo malipo ya kazi ya bure ni kazi nyingine ya bure.

BIBI: Ndiyo.

Binti alinitazama akitafuta msaada. “Mjomba, sema kitu.” Sikuwa na la kusema. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Bado naiona sahihi. Kama dada angefuma kwa kuuza, ningetaka kila saa ya hizo 17 ilipwe, na najua hakuna sokoni atakayelipa. Hilo ni jeraha halisi, na halitibiwi kwa kumsifu mama kuwa ana upendo. Lakini niliona pia kwamba dada alikuwa akimsikiliza bibi huku akitabasamu kama mtu anayesikia akitajiwa deni analodai yeye.

Kuna jambo dogo ambalo wote walikuwa wamelisahau, au shemeji alikuwa anajifanya amelisahau. Uzi wenyewe unatoka kwake. Madukani hapa uzi wa sweta ni mwingi, lakini karibu wote ni wa plastiki. Unang'aa, haunyonyi jasho, na mguu unalia ndani yake. Sufu dada huipata kwenye mabelo ya shemeji. Kila belo jipya likifunguliwa dada huwa wa kwanza kuinama. Hatafuti sweta zuri. Anatafuta sweta la sufu ambalo hakuna mteja atakayelitaka, lenye doa kifuani au kola iliyolegea. Pasipo na lebo anavuta kauzi anakachoma kwa kiberiti: sufu inanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu; plastiki inayeyuka ikaganda kama tone la nta. Kisha analigeuza na kutazama mshono wa ubavuni. Kama kila kipande kilifumwa kwa umbo lake, ukingo una vitanzi vizima. Ukikata uzi mmoja mahali pake mshono unafunguka, na kila kipande kinarudi kuwa uzi mmoja mrefu. Kama lilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa kipana likapigwa ovaloki, kila mstari umekwisha kukatwa, na ukilifumua unapata vipande vya urefu wa mkono, vya kujazia mto. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja kama nywele za mtoto. Anauzungushia mgongo wa kiti, anauloweka, anautundika na chupa ya maji chini yake mpaka unyooke.

Shemeji humwachia masweta hayo kwa bei ya kutupa. Lakini huwa anamlipisha. Hata mia tano. Nilikuwa nikidhani ni ubahili.

DADA: Shemeji, vua kiatu.

SHEMEJI: Kwa nini?

DADA: Nikupime.

SHEMEJI: Hapana. Nimeshasema msimamo wangu.

DADA: Ulisema mtu aulizwe. Nakuuliza.

Alitutazama mmoja mmoja, hasa mama yake, ambaye alikuwa amefumba macho akijifanya kusinzia. Kisha akainama akafungua kamba. Alikuwa amevaa soksi zake mwenyewe za jozi tatu kwa elfu mbili, na kidole cha pili kilikuwa nje. Binti aligeuza uso kwa heshima. Dada akapiga magoti, akapitisha futi chini ya kisigino, akaileta mbele juu ya mkunjo.

“Thelathini na tatu,” akasema, akaandika kwenye daftari la miraba.

Shemeji alivaa kiatu, akatoka nje bila kuaga. Tulisikia mlango wa kibanda chake cha kuhifadhia mzigo ukilia. Akarudi na ubaridi wote wa uani, mkononi ana sweta la kijani kibichi, zito, zuri, halina doa wala shimo, aina ambayo kwa kawaida angeitundika juu kabisa kwenye meza yake ili waionee mbali. Akaliweka mapajani mwa dada.

“Hilo silipishi,” akasema. “Tusidaiane.”

Dada alilishika, akalipima uzito kwa kiganja, akalinusa. Akaligeuza nje ndani, akasogea kwenye mwanga wa balbu na kutazama mshono wa ubavuni kwa muda mrefu.

“Shemeji,” akasema, “hili limekatwa kwa mkasi. Katafute lingine.”